Usiuze Plau Lako kwa Sababu ya Kutu



Pita nyuma ya nyumba yako leo. Angalia chini ya mti, karibu na zizi, au nyuma ya ghala. Huenda utaona plau la zamani. Pengine lilikuwa la baba yako. Pengine lilikuwa la babu. Limelala ubavu. Majani yameota katikati yake na kuku wanalala juu yake. Kwa sababu ya kutu, rangi yake imekuwa nyekundu kama udongo wa kichuguu.

Watu wengi wakiona plau la namna hii husema, "Hili limekwisha kufa." Halafu anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Plau linapimwa kwa kilo. Mwenye plau anapata fedha ya sukari na sabuni. Mvua za kwanza zinapokuja, anaingia shambani na jembe la mkono, yeye na watoto wake.

Mimi ni bwana shamba. Nimefanya kazi miaka mingi katika vijiji vya Usukuma, ambako ng'ombe ni wengi na plau linajulikana sana. Maplau mengi niliyoambiwa kuwa yamekufa nimeyaona yakilima tena. Kazi yake ni ya siku tatu au nne za kiangazi. Haihitaji mtambo. Inahitaji spana, nyundo, brashi ya waya, tupa, mafuta ya taa, oili na subira.

KUTU NI KITU GANI?

Wengine hufikiri kwamba kutu ni uzee wa chuma. Sivyo. Chuma kikikaa mahali pakavu kinaweza kudumu miaka mingi sana bila kuharibika. Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Katika hewa mna kitu kiitwacho oksijeni, ndicho tunachokihitaji tunapovuta pumzi. Chuma, maji na oksijeni vikikutana hufanya kitu kipya. Kitu hicho ndicho ule unga mwekundu. Unga huo hauna nguvu ya chuma. Tena unachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoufanya. Ndiyo maana nati ya zamani hukataa kufunguka. Kutu imevimba ndani yake na kuibana.

Chumvi huharakisha kutu. Mkojo wa ng'ombe una chumvi. Mbolea za viwandani pia zina chumvi. Kwa hiyo plau lililowekwa zizini huliwa upesi. Lililowekwa ghalani karibu na mifuko ya mbolea huliwa upesi vilevile, hata kama paa halivuji.

Kutu ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kutu ya juu, kama ngozi. Ukiikwaruza, chuma cheupe kinaonekana chini yake. Hii isikutishe. Ya pili imekwenda ndani na kufanya mashimo. Ukikwaruza, vinabanduka vipande kama maganda ya mti. Hapo lazima uangalie kama chuma kilichobaki bado kina unene wa kutosha.

ANGALIA KABLA YA KUANZA

Kwanza ng'oa majani na ondoa udongo wote. Simamisha plau. Chukua nyundo ndogo na uligonge pole pole kila mahali. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kama kengele. Chuma chenye ufa au kilicholiwa sana hutoa sauti nzito ya kukauka. Weka alama ya mkaa mahali hapo.

Kisha chukua kamba. Ifunge kwenye ncha ya mbele ya chuma kirefu, pale unapofungwa mnyororo wa ng'ombe. Ivute mpaka nyuma. Kama chuma kimepinda utaona mara moja. Plau lililopinda huvuta upande mmoja, na mkulima hushinda akipigana nalo badala ya kulima.

Sasa angalia vile vyuma vinavyofanya kazi ndani ya udongo. Ni vitatu. Cha kwanza ni ulimi, yaani chuma chenye makali kinachokata udongo chini. Cha pili ni bamba lililopinda, ambalo hugeuza udongo. Cha tatu ni chuma kirefu cha ubavuni, ambacho huegemea ukuta wa mfereji ili plau lisiyumbe. Vyuma hivi vitatu vimefungwa kwa bolti. Vikiisha hununuliwa vingine. Kwa hiyo ulimi ulioisha hauna maana kwamba plau limekufa. Bei ya ulimi ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya plau zima.

Plau linalostahili kuitwa limekufa ni lile ambalo kiini chake kimevunjika au kimeliwa na kutu, yaani pale vyuma hivyo vitatu vinapofungiwa. Hata hilo, mwonyeshe kwanza fundi wa kuchomelea kabla ya kumwita mtu wa mizani.

KUFUNGUA NATI ZILIZOKWAMA

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Mtu anachukua spana, anaweka bomba refu ili apate nguvu, anavuta, na bolti inakatika. Usifanye haraka.

Sugua kila nati kwa brashi ya waya mpaka uone mizunguko ya bolti. Changanya mafuta ya taa na oili kidogo. Dondoshea kwenye nati. Yaache yalale usiku mzima. Asubuhi dondoshea tena. Gonga kichwa cha nati kwa nyundo, kila upande, si kwa nguvu. Mshindo huo hupasua kutu na kuyapa mafuta njia. Halafu jaribu kukaza kidogo kwanza. Ndiyo, kukaza. Nati ikisogea japo unywele mmoja, kutu imeachia. Hapo sasa fungua. Ikikaza tena, irudishe, tia mafuta, endelea mbele. Nati moja inaweza kukuchukua saa nzima. Hiyo si saa iliyopotea, maana bolti ikikatikia ndani utahitaji mashine ya kutobolea.

Nati ikikataa kabisa, unaweza kuipasha moto kwa mkaa. Lakini ngoja! Kwanza futa mafuta ya taa yote na acha pakauke, usije ukaungua. Tena usipashe moto ulimi wala bamba. Vyuma hivyo vilifanywa vigumu kiwandani kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukivipasha ovyo vinalainika, na msimu mmoja tu vitakuwa vimekwisha.

Weka bolti na nati zote katika kopo moja. Watoto wasilichezee.

KUONDOA KUTU

Kwa vyuma vikubwa anza na panga kuukuu. Kwaruza maganda ya kutu. Halafu tumia brashi ya waya. Halafu chukua kipande cha tofali la kuchoma, mchanga na maji, sugua kama akina mama wanavyosugua sufuria. Mwishoni tumia msasa kama unao.

Vitu vidogo kama bolti na nati unaweza kuvilowesha. Chukua ukwaju, uloweke katika maji kidogo mpaka yawe mazito na makali. Tumbukiza bolti humo kwa siku moja. Ukali wa ukwaju huyeyusha kutu. Ndimu pia hufanya kazi hiyo. Baada ya hapo zisugue, zioshe kwa maji ya majivu ili ukali uishe, zikaushe juani na uzipake oili hapo hapo. Usizilaze usiku bila oili. Chuma kilichosafishwa hushika kutu upesi kuliko kile kilichokuwa kichafu. Wengine hutumia maji ya betri ya gari. Mimi siyapendi. Yanachoma ngozi, yanapofusha macho, na yanakula hata chuma kizima.

Vaa viatu unapofanya kazi hii. Kaa pembeni mwa upepo ili unga wa kutu usikuingie machoni. Ukijikata, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo. Watu husema kutu ndiyo huleta pepopunda. Hasa vinavyoleta pepopunda ni vijidudu vinavyokaa katika udongo na samadi. Na plau la zamani limejaa udongo na samadi.

BAMBA LAZIMA LING'AE

Msomaji, kazi nyingine zote unaweza kuzifanya nusu nusu. Hii usifanye nusu. Uso wa bamba na uso wa ulimi lazima uwe laini.

Kuna habari ya kweli inayoonyesha jambo hili. Mwaka 1837, katika jimbo la Illinois huko Marekani, alikuwako mhunzi mmoja jina lake John Deere. Wakulima wa huko walikuwa na udongo mweusi unaonata, kama mbuga zetu. Maplau yao ya chuma cha kumimina yalikuwa yanajaa udongo. Kila baada ya hatua chache mkulima alisimama kuukwangua. John Deere akachukua msumeno mkubwa uliovunjika, wa chuma cha pua, akaukunja kuwa bamba, akaung'arisha sana. Udongo ukateleza wenyewe. Kampuni iliyotokana na kazi yake ipo mpaka leo, nayo hutengeneza matrekta.

Basi bamba lako lenye kutu ni kama yale maplau ya kale. Udongo unashika. Ng'ombe wanavuta plau na udongo uliogandamana juu yake. Wanachoka kabla jua halijapanda. Mkulima anawachapa, kumbe kosa si la ng'ombe.

Huna haja ya kung'arisha mpaka ujione sura. Ondoa kutu mpaka ukipitisha kiganja usisikie mikwaruzo. Halafu mvua ikinyesha, usianzie mbugani. Anzia katika luseni, ule udongo wa kichanga. Lima pale mistari michache. Mchanga utalipiga bamba msasa kuliko mkono wako. Likianza kung'aa, nenda mbugani. Usilipake bamba rangi. Rangi ni ya fremu na mikono tu, na hata huko ipakwe baada ya kutu yote kutoka. Rangi iliyopakwa juu ya kutu hubanduka pamoja na kutu hiyo.

ULIMI NA MHUNZI

Ulimi wa zamani mara nyingi umeliwa kwenye ncha. Ncha ikiisha, plau halizami. Utaona mkulima anakandamiza mikono kwa nguvu zote, na plau linateleza juu kama mtumbwi. Kama ulimi ni wa chuma cha pua, mhunzi anaweza kuupasha moto, kuurefusha ncha kwa nyundo na kuupoza upya. Hiyo ni kazi yake, si yako na yangu. Kama ni wa chuma cha kumimina, usimpe. Ukigongwa utavunjika kama chungu. Huo nunua mwingine.

Wahunzi wetu tusiwadharau. Huko Buhaya watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Warongo wa upande wa Geita walifua majembe kwa udongo wa nchi hii hii. Na baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, kiwanda cha UFI cha Ubungo, Dar es Salaam, kilitengeneza majembe na maplau. Huenda hilo lililo nyuma ya nyumba yako ni moja la kiwanda hicho.

MAMA MMOJA NA SHEMEJI YAKE

Katika kijiji kimoja ninachohudumia kuna mama mjane. Mumewe alimwachia maksai wawili na plau lililokaa misimu sita chini ya mwembe. Mama huyu alikuwa akikodi plau la jirani. Ninyi mnajua mambo ya kukodi. Mwenye plau hulima kwanza shamba lake, kisha la ndugu zake, kisha la rafiki zake. Zamu ya mama ilifika wiki tatu baada ya mvua za kwanza. Mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele wakati mvua inakatika. Mwaka ule alivuna magunia mawili, naye ana watoto watano.

Shemeji yake akamwambia, "Shemeji, chuma hiki kinakula nafasi tu. Tukiuze tununue madaftari ya watoto."

Mama akajibu, "Ngoja kwanza bwana shamba akione."

Nilikuta fremu nzima, gurudumu limeshika, nati zote zimekwama, na ulimi umekwisha. Mwanawe mkubwa aliifanya kazi yote mwenyewe, mimi nikipita kumwangalia kila nilipokwenda kijijini. Walinunua ulimi mmoja na bolti nne. Msimu uliofuata walilima mvua ilipolowesha udongo tu. Mtu wa kwanza kuja kuliazima plau lile alikuwa yule shemeji. Alipewa, lakini baada ya shamba la mama kwisha.

Jambo jingine lilitokea katika kazi ile. Kijana alipokuwa anatafuta bolti ghalani alikuta gobore la babu yake, limefungwa katika gunia. Lilikuwa na kutu tupu. Akaniuliza, "Bwana shamba, na hili tulisugue?"

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Liache hapo hapo lilipo."

Ninaandika habari hii kwa sababu magobore na bunduki za zamani bado zimo katika maghala mengi. Bunduki si plau. Huwezi kujua kama imo baruti au risasi iliyowekwa miaka mingi iliyopita. Bomba lake kwa nje linaweza kuonekana zima, kumbe ndani lina mashimo ya kutu. Likipigwa hupasuka mkononi mwa mpigaji, karibu na uso wake. Wako watu wanaojidanganya kwamba wakilisugua watafukuza nguruwe na ngedere mashambani. Tena kukaa na silaha bila kibali ni kosa. Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ukikuta silaha ya urithi, usiisafishe, usiibebe, usijaribu kuivuta. Wazuie watoto, kisha mwambie mtendaji wa kijiji ili awaite polisi. Mama yule alifanya hivyo. Polisi walikuja wakalichukua. Na kama wanyama waharibifu wanakusumbua, toa habari kwa afisa wa wanyamapori.

KULIFUNGA TENA

Turudi kwenye plau. Unapolifunga, kila bolti ipake grisi. Vichwa vya bolti kwenye bamba na ulimi lazima vizame, visitokeze. Kichwa kinachotokeza hushika udongo. Pitisha kidole pale ulimi unapokutana na bamba. Bamba lisiwe juu kuliko ulimi, maana udongo utagonga hapo na kujaa.

Gurudumu lizunguke bila kuyumba sana. Kama tundu lake limepanuka, fundi anaweza kutia kipande cha bomba ndani.

Sasa weka plau juu ya sakafu iliyo sawa. Ncha ya ulimi iguse chini. Kisigino cha nyuma kiguse chini. Katikati, chini ya kile chuma cha ubavuni, pawe na nafasi ndogo ambayo bapa la panga linapita. Nafasi hiyo ndiyo inayolifanya plau lizame lenyewe. Kama haipo, ulimi umekwisha au umefungwa vibaya.

Shambani, kama plau linakwenda juu juu, pandisha mnyororo tundu moja pale mbele. Kama linazama mno, shusha. Mnyororo mrefu hulizamisha, mfupi hulinyanyua. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, lima hatua ishirini, angalia.

KULIWEKA

Kila jioni ya kulima, kwangua udongo na ufute kwa majani makavu. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Msimu ukiisha, lioshe, likaushe juani, na upake oili chafu ya gari kwenye ulimi, bamba na bolti zote. Tumia kitambaa, si kiganja, kwa sababu oili hiyo si nzuri kwa ngozi. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula. Oili isikae karibu na nafaka.

Liweke chini ya paa, juu ya mawe mawili au kipande cha gogo, mbali na zizi na mbali na mifuko ya mbolea. Mnyororo uutundike. Kama huna ghala, hata upenuni panafaa, mradi chuma kisiguse ardhi.

Anza kazi hii sasa, wakati wa kiangazi, hasa kama unahitaji ulimi mpya. Unapokwenda dukani chukua ule wa zamani pamoja na bolti yake moja, upime matundu kwa matundu. Tundu likipishana hata kwa upana wa punje ya mtama, ulimi huo haukufai. Urudishe kwa mwenye duka.